Kwa Mkazi wa Nyumba Hii

Nilifika saa nne kasoro dakika tano. Karatasi kwenye ubao wa matangazo ilisema saa nne kamili asubuhi, mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wote mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa. Chini kulikuwa na saini ya mtendaji na mhuri wa bluu uliochuja wino upande mmoja. Karatasi hiyo nilikuwa nimeisoma siku tatu kabla, nikaipiga na picha kwa simu nisije nikasahau. Basi nikakaa kwenye benchi mbele ya ofisi, mkoba magotini, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

Saa nne na nusu tulikuwa mimi na kuku. Saa tano akapita kijana na ndoo ya maji begani.

“Shikamoo, mama. Unamsubiri nani?”

“Marahaba. Nasubiri mkutano.”

Akaitua ile ndoo kwanza. “Mkutano si umesogezwa mpaka Alhamisi? Watu wote wako msibani kule juu.”

Jioni nilimkuta mama anakunja kanga alizotoka nazo msibani. Asubuhi nilipoamka hakuwepo, nikadhani yuko shamba. “Mimi nilijua umesikia,” akasema. Nisikie wapi, mama? “Si jana lilitangazwa kanisani.” Jana yake nilikuwa nimelala mpaka saa tano, mwili bado haujazoea saa za huku.

Niliondoka nyumbani 2013, nimerudi Septemba 2024. Katikati nilikuja mara moja tu, siku 9, kumzika baba. Miaka yote hiyo niliishi Uingereza, na halmashauri ya mji niliokuwa naishi ilizungumza nami kwa barua. Machi inakuja bili ya kodi ya halmashauri. Baadaye kalenda ya mapipa: wiki hii toa pipa la taka, wiki ijayo pipa la karatasi na chupa. Barua ya kufunga barabara kupisha mbio za hisani, barua ya maktaba kubadilisha saa za kufungua. Zinatumbukizwa kwenye tundu la mlango, na nyingi juu ya bahasha zimeandikwa hivi tu: Kwa Mkazi. Jina hakuna. Ningehama leo na mwingine akahamia kesho, angeisoma barua ileile na ingemfaa vilevile. Wala sikuwahi kuzilalamikia. Zikisema barabara itafungwa Jumanne saa tatu, Jumanne saa tatu unakuta vizuizi vimeshapangwa. Lakini kwa miaka 11 sikuhudhuria hata kikao kimoja cha halmashauri ile, na sidhani kama kuna mtu aliyekiona kiti changu kitupu.

Kwa hiyo nilirudi nikiwa na imani kubwa na karatasi.

Kwetu ni milimani, Upareni, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na huku mtendaji akishabandika tangazo kazi ndiyo kwanza inaanza. Ijumaa linasomwa msikitini baada ya swala. Jumamosi linasomwa kwa Wasabato, ambao wako kwenye milima hii tangu 1903 na upande wa juu ndio wengi. Jumapili linasomwa kwetu Walutheri, likifuatana na matangazo ya ndoa. Halafu kuna kundi la WhatsApp la kijiji, ambako tangazo huishi dakika 10 kabla ya kufunikwa na picha za maua zilizoandikwa “Asubuhi njema wapendwa”. Likiwa la haraka, mgambo anapanda bodaboda na kipaza sauti, anapita barabara ya chini, na sauti yake inaliwa na korongo. Sisi wa juu tunapata “...ote mnatangaziwa... kesho... bila kuko...” Hapo unatoka nje unamuuliza jirani. Naye anakujibu, anaongeza na lake.

Ndiyo maana siku ya usafi kwetu ina mvutano wa kimyakimya. Nchi nzima ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na karatasi kutoka wilayani inasema hivyo. Lakini nusu ya kijiji Jumamosi hawashiki fagio. Hakuna aliyeandika barua ya kupinga wala aliyegoma. Watu wanafyeka na kufagia Ijumaa asubuhi, basi, yamekwisha.

Halafu kuna pembe. Hii ilinigharimu.

Asiyeifahamu Upare huenda hajawahi kuona ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi tundu linazibuliwa, yanateremka kwa mifereji kwenda kwenye mahindi, maharage na tangawizi, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva zilikuwepo kabla ya Mjerumani, na koo zilizozichimba zinajulikana mpaka leo. Tope likijaa linazolewa kwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe. Kwetu msaragambo wa ndiva haubandikwi popote. Jioni inalia pembe mara tatu kutoka kilimani, na kila mtu anajua kesho alfajiri akutane na wenzake wapi.

Nami niliisikia. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, mama ameshuka Moshi kwa dada yangu wiki ile. Nikasimama na sufuria mkononi nikasikiliza mpaka mwisho. Nikasema, loo, hii pembe ndiyo niliyokuwa naisikia utotoni! Karibu nilie. Nikaingia ndani, nikamtumia rafiki yangu aliyebaki kule ujumbe mrefu kuhusu pembe, nikalala usingizi mtamu.

Kesho yake jioni wakaja wazee wawili. Nikawapa chai. Wakaniuliza baridi ya Ulaya, wakamsifu marehemu baba, wakasifu na chai yenyewe. Ndipo mmoja akasafisha koo. “Sasa, mwanetu, leo kaya yenu haikutoa mtu.” Faini shilingi elfu tano. Nililipa palepale, wakaandika kwenye kauntabuku. Nikachungulia: wameandika jina la baba. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitukaririsha la mgambo likilia kuna jambo, wengine tulipata alama zote, na mtihani wenyewe nimekuja kuufeli nina miaka 42.

Mkutano wa Alhamisi niliuwahi, tena niliulizia kwa watu watatu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa sheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi 3, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Hayo nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Sikuwa nimejua yanavyosikika. Mtendaji, kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, alianza kusoma kwa kasi ya mtu anayewahi basi. Kutoka nyuma ikaja sauti ya mzee:

“Rudia hapo kwenye saruji.”

Akarudia. Imeingia mifuko 40 ya ukuta wa zahanati, imetumika 38.

“Miwili iko wapi?”

Iko stoo, imeganda, bati linavuja.

“Tukaione.”

Nilidhani ni utani. Wakainuka watu watatu, mmoja ni mama mjamzito mwenye fimbo, wakaenda stoo, na mkutano mzima ukakaa kuwasubiri. Watu wakaongea habari za mvua za vuli. Baada ya robo saa wakarudi. Yule mama akasema, “Imeganda kweli. Ni mawe.” Mtendaji akaendelea na ukurasa wa pili, safari hii polepole. Kule nilikotoka hesabu za halmashauri zilikuwa mtandaoni, kurasa kwa kurasa, na mtu ungeweza kuzipakua saa yoyote. Sikuzipakua hata mara moja.

Kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema, mkutano ukiahirishwa, si vizuri karatasi ya zamani ikabanduliwa, au ikaandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu? Mwenyekiti akasema limepokelewa. Mama mmoja aliyekaa mkekani karibu na miguu yangu, rika la mama yangu, akaniinulia uso na kusema kwa upole kabisa:

“Mwanangu, ubao ni wa wageni.”

Watu wakacheka, hata mtendaji. Nami nilicheka, nikachelewa kidogo.

Lakini ni kweli. Ubao ndio unaotazamwa na wakaguzi na maofisa kutoka wilayani. Wao ndio wanaupiga picha. Na ubao huo, isitoshe, ni kazi ya mikono ya baba. Alikuwa seremala. Aliutengeneza 1984, mwaka halmashauri za wilaya ziliporudi kazini baada ya kufutwa 1972, akauwekea kibati juu usilowe na wavu wa waya mbele mbuzi wasile karatasi. Wavu umeoza, kibati kipo.

Siku hizi napita hapo kila nikienda dukani, nasoma. Napenda lugha yake, ile ya “mnatangaziwa” na “atakayekaidi hatua kali zitachukuliwa dhidi yake”, hata kama jambo lenyewe ni kupeleka mtoto akapate matone. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024, imeandikwa kwa mgawanyo wake: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kuna mbolea ya ruzuku, jiandikishe mapema. Kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa chini ya miaka 5, bila malipo. Kuna karatasi iliyofifia ya anwani za makazi ya 2022, ile operesheni iliyofanyika kabla ya sensa. Nyumba yetu nayo ina kibao cha namba juu ya mlango. Mama anakifuta vumbi kila Jumamosi jioni pamoja na picha ya baba, ila akimwelekeza mtu bado anasema pandisha mpaka kwenye mparachichi uliopigwa radi.

Oktoba ikaja karatasi mpya, hiyo hata mimi niliisikia pande zote: msikitini, makanisani, kwa kipaza sauti, kwa jirani. Uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, kuanzia tarehe 11 hadi 20. Wengi walichanganya na lile daftari la kudumu la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi, lililokuwa linaboreshwa mkoa kwa mkoa mwaka huohuo, wakaja na kadi zao mkononi wakidhani wameshamaliza. Hili lilikuwa daftari jingine, la kitongoji. Sharti uwe raia, uwe na miaka 18, na uwe mkazi.

Nilienda siku ya tatu, Jumapili baada ya ibada. Nilibeba pasipoti, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kwenye simu nikawa na picha ya kibao cha nyumba. Karani alikuwa kijana mwalimu, si wa kwetu.

“Wewe ni mkazi wa kitongoji hiki?”

Swali jepesi. Nikajibu ndiyo.

“Tangu lini?”

“Septemba.”

“Septemba hii?”

Foleni nyuma yangu ikanyamaza, wenyewe mnajua foleni ikinyamaza. Nikaanza kueleza. Nikasema nimezaliwa nyumba ile pale, nikaonyesha kwa mkono, nikatoa pasipoti, ikaonyesha mihuri ya kwingine kutupu. Kalamu ya karani ikabaki hewani. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake, na kwa kweli nami nisingejua cha kuandika.

“Andika, mwalimu,” akasema mtu kutoka nyuma. Nikageuka. Ni yule mzee wa kauntabuku, kofia kifuani. “Huyo ni mkazi. Ameshatozwa faini ya ndiva.”

Foleni ikaangua kicheko. Karani akaniuliza majina matatu na umri, akaandika, nikatia saini, akasema anayefuata.

Orodha ilipobandikwa nilishuka kuitazama. Kurasa zilikuwa zimebanwa kwa misumari midogo, zinapepea pale wavu ulipokuwa. Nililikuta jina langu katikati ya ukurasa wa tatu, jina la baba limekosewa herufi moja. Pembeni yake karatasi ya mkutano wa Septemba ilikuwa bado ipo, mhuri umezidi kufifia: saa nne kamili asubuhi, bila kukosa.