Simshushi mtu chini ya meli kabla sijashika funguo

Mi kazi yangu ni kuzamia, na sio kule kwa kuangalia samaki, ni kusugua kome walioganda chini ya meli, kukata kamba zilizojizungusha kwenye propela, na kuzibua zile nyavu za chuma ambapo meli inavutia maji ya kupozea injini. Miaka ya mwanzo nilikua najua sheria za usalama ni mambo ya kina na muda tu, usipande haraka, usipitilize dakika zako, basi. Kumbe kilichotaka kuniua wala hakikua kina, tulikua mita 6 tu.

Siku hiyo tukaambiwa pampu imezimwa. Nani kasema? Jamaa wa injini rumu kamwambia jamaa wa deki, wa deki akatuonyesha dole gumba, nikashuka. Naanza kuzibua wavu, ghafla kiganja kikanasa pale, navuta hakitoki, naweka miguu kwenye bati la meli najisukuma hakitoki. Pampu waliyosema wamezima ni kweli waliizima, ila ilikuepo ya pili ya akiba imewekwa oto, presha iliposhuka ikajiwasha yenyewe. Kilichoniokoa ni kwamba hewa yangu ilikua inatoka juu kwa mpira, ningekua na mtungi tu mgongoni na kwa jinsi nilivyokua nahema sijui kama ungefika popote, na pia helmeti ilikua na mawasiliano kwa hiyo nikapiga kelele supavaiza akasikia akakimbia mwenyewe huko chini kuzima. Mkono ulivimba wiki nzima.

Watu hawaelewi nguvu ya maji mpaka uwapigie hesabu. Mita 10 za maji ni karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa chukua tundu la sentimita 30 kwa 30, upande mmoja maji ya mita 10, upande wa pili pakavu kama kwenye geti la bwawa, hiyo ni karibu kilo 900 zinakubana pale, na huwezi kuvutwa na wenzako kwa kamba maana watakukata vipande. Na hauoni kitu, hatua mbili kutoka pale maji yametulia tuli. Februari 2022 kule Trinidad wazamiaji 5 walivutwa ndani ya bomba la mafuta la inchi 30, akatoka hai mmoja tu. Mi hiyo habari nilisoma nikakaa kimya muda mrefu.

Nilipopewa usupavaiza nikasema sasa itakua kwa njia yangu. Dole gumba sitaki, "imezimwa" ya mdomo sitaki. Naenda mwenyewe na chifu injinia, tunazima breka, yani swichi kubwa ya umeme, ya kila kitu kinachozunguka au kuvuta maji, propela, ile ndogo ya mbele ya kusukumia pembeni, pampu zote pamoja na za akiba, naweka kufuli langu, funguo moja tu na inakaa mfukoni kwangu. Halafu namwambia, chifu, hebu jaribu kuwasha. Hapo ndo huwa wananuna, mzee mmoja aliniambia we kijana unaniona muongo? Nikamwambia hapana mzee wangu, mi siamini swichi, wewe nakuamini. Akabonyeza, na pampu ikawaka! Tulikua tumefunga breka ya pampu nyingine, vibandiko vilikua vimebadilishwa. Toka siku hiyo hakununa tena.

Kuna injini au pampu nyingine hauwezi kuzima, meli inahitaji umeme, basi upande huo hatuzamii, tunapanga siku nyingine, kepteni apige simu anakotaka.

Mengine nayo nimeyakazania, mzamiaji wa akiba lazima awe ameshavaa kila kitu kabaki helmeti tu, sio amekaa anakunywa chai buti ziko pembeni. Mtungi wa dharura mgongoni unafunguliwa na kupimwa kabla, bendera ya bluu na nyeupe juu, ile ya kuonyesha kuna mzamiaji chini.

Nisidanganye kwamba nimeweza kila kitu. Kuna siku tulimaliza jioni, watu wamechoka, nikahesabu watu wangu wote wako juu, nikasaini karatasi nikaenda kulala. Saa nane usiku simu inaita, ni chifu, meli inatakiwa iondoke na injini haiwaki, kufuli langu bado liko kwenye breka na funguo iko kwenye suruali yangu. Nikavaa nikarudi, ukiwa supavaiza hiyo ndo inakua aibu yako. Sikuhizi funguo imefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama kiatu, hata kukaa kwenye gari nacho mfukoni siwezi.