Makohozi yanayopanda bodaboda

Niko maabara ya kituo cha afya kijijini. Mashine ya GeneXpert, ya kupima kifua kikuu, iko hospitali ya wilaya na bodaboda wa sampuli haji kila siku, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kutunza makohozi ya watu.

Bakteria wa kifua kikuu hukua polepole mno. Wale wa kawaida wa kinywani hawana subira: kwenye joto huzaliana hadi kuwafunika tunaowatafuta. Kwa GeneXpert si balaa sana, maana inasoma vinasaba. Sampuli huvumilia hadi siku 3 kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, ingawa friji ya nyuzi 2 hadi 8 ni bora. Kasheshe ni kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara, kwani huko lazima wafike hai.

Hapo ndipo tunatia CPC (cetylpyridinium chloride, dawa ya kuua vijidudu) yenye chumvi. Inawapunguza wavamizi, na wa TB hubaki hai hata wiki nzima bila barafu. Ila sampuli hiyo usiiweke kwenye friji! Kwenye baridi dawa hugeuka chembechembe na nguvu inapotea. Dada muuguzi wa zamu alinicheka: “Mdogo wangu, friji tena ndiyo iharibu?” Ndiyo, dada.

Nasi huandika “CPC” ubavuni mwa kikopo, kamwe si kwenye kifuniko (vifuniko hubadilishana), kwa sababu mabaki yake huzuia ukuaji kwenye chupa za MGIT, zile za kuoteshea bakteria kwenye majimaji. Wanaopokea wanatakiwa kuotesha kwenye mlo wa mayai, ule wa Löwenstein-Jensen.