Kiti kutwa, jimu jioni: nilivyokipata kiwango changu halisi cha shughuli

Kwenye programu za kuhesabu kalori kuna swali limenisumbua kuliko la uzito, na la uzito lenyewe silipendi: "Kiwango chako cha shughuli kwa siku ni kipi?" Unapewa machaguo matano, kuanzia mtu wa kukaa tu hadi mwenye shughuli nyingi mno. Mimi nakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka jioni, ila mara tatu kwa wiki naenda jimu, na nikitoka huko mashati yanakamulika. Sasa hapo mimi ni nani?

Nikauliza watu. Mkufunzi wangu wa mazoezi, bila hata kupepesa macho, akasema nichague "shughuli nyingi" kwa sababu "wewe sasa ni mwanamichezo, dada". Rafiki yangu akaniambia mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi tu, weka la chini kabisa, acha kujidanganya. Wa tatu akashauri nichague la katikati, kana kwamba tunagawana urithi na kila upande lazima uondoke na chake.

Wote walizungumza kwa uhakika wa ajabu, na hakuna aliyeniuliza siku yangu inaendaje. Tena jambo lenyewe si dogo. Nyuma ya kila chaguo kuna kizidishi: 1.2, kisha 1.375, 1.55, 1.725 na 1.9. Programu inakadiria kwanza nishati unayotumia ukiwa umepumzika tu, halafu inazidisha. Nyingi hutumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990: kilo zako mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke anatoa tena 161, mwanamume anaongeza 5. Kwa kilo 74, sentimita 163 na miaka 41, mimi napata kama 1,393. Kwa hesabu ya rafiki yangu, yaani mara 1.2, natumia kalori 1,670 hivi kwa siku. Kwa hesabu ya mkufunzi, mara 1.725, ni 2,400. Zaidi ya kalori 700 zinaelea hapo katikati, na mwili ni huu huu mmoja.

Nikasema basi, kifaa ndicho kitakachoamua. Nikavaa saa ya kuhesabu hatua. Siku za mwanzo nilijiona shujaa, maana hata siku ambazo sikutoka nje saa ilinipongeza. Jumamosi moja nilifua nguo kwa mikono, nimekaa kwenye kigoda, na saa ikaniandikia hatua kibao kana kwamba nimetoka matembezini. Kumbe kila nikisugua, mkono ukienda na kurudi, yenyewe inajua naenda mahali. Kesho yake nikasukuma kigari cha mtoto mwendo mrefu, jasho likanitoka, na namba haikusogea kama ilivyostahili, kwa sababu mikono ilikuwa imetulia kwenye mpini.

Hapo nikawa mkali. Nikatafuta ukumbi mrefu usio na watu, simu mfukoni, saa mkononi, nikatembea hatua 100 huku nahesabu kwa sauti. Nikarudia mikono ikining'inia kawaida, kisha nimebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni, kisha simu ikiwa kwenye begi la bega. Kwa mikono huru, saa na simu zilikaribiana na ukweli. Kwa kikombe, saa ililala usingizi kabisa ilhali simu ya mfukoni iliendelea kuhesabu vizuri. Simu nayo ina ugonjwa wake: ikibaki mezani wakati unaenda kwa bosi, maliwatoni na kwenye mashine ya kuchapa, safari zote hizo hazipo. Tangu hapo simu nikiwa kazini inakaa mfukoni, na suruali isiyo na mfuko mzuri sivai siku ya kupima.

Zilipotulia, hatua zangu za siku ya kazi zikawa zinazunguka kwenye 5,000 na ushee. Tudor-Locke na Bassett, watafiti waliopanga madaraja ya hatua mwaka 2004, wanaweka chini ya 5,000 kuwa maisha ya kukaa, 5,000 hadi 7,499 shughuli ndogo, na 10,000 kwenda juu ndiyo mtu mwenye shughuli. Hiyo 10,000 inayoimbwa kila mahali ilianza kutamba na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kwa hiyo usiumie roho kama huifikii.

Lakini hatua hazisemi umekaa saa ngapi. Dawa yangu ikawa karatasi. Nilichora visanduku 48, kila kimoja nusu saa, nikawa napaka rangi: bluu kulala, kijivu kukaa, njano kusimama na kazi za nyumbani, kijani kutembea, nyekundu mazoezi. Nikaibandika pembeni ya meza. Mwenzangu akapita, akaiangalia kwa huruma, akauliza, "Dada, hii ndiyo ratiba mpya ya zamu?" Nikamwambia ndiyo, na zamu ya kijivu ni yake.

Karatasi ilisema mambo ambayo saa haikuwahi kusema. Kijivu hakikuishia ofisini. Kilinifuata kwenye gari, kikanipokea sebuleni. Jumapili, ambayo ningeapa kwamba huwa sikai, ilikuwa na kijivu kuliko Jumatatu. Na nyekundu, ile ninayoringia, ilikuwa visanduku viwili tu, tena ukitoa kupumzika kati ya seti, kungoja mashine na maongezi, mazoezi yenyewe yalikuwa nusu saa.

Visanduku hivyo unaweza kuvigeuza namba. Shughuli hupimwa kwa MET, ambapo 1 ni mwili uliotulia. Kazi ya kukaa ni kama 1.4, kusimama na shughuli ndogo za nyumbani nilizipa 2, kutembea kwa mwendo wa kawaida 3.5. Siku yangu bila jimu: saa 8 za kulala mara 1, saa 11 za kukaa mara 1.4, saa 4 za njano mara 2, saa 1 ya kijani mara 3.5. Jumla 34.9, gawa kwa saa 24 unapata 1.45, na hicho ndicho kizidishi cha siku hiyo. Siku ya jimu, saa moja ya kijivu inageuka nyekundu, nami niliipa wastani wa 4 kwa sababu ya yale maongezi. Inakuwa 1.56. Ukichanganya wiki nzima, jimu mara tatu, ni 1.50.

Yaani jimu yote, na ada yake, na mashati ya kukamua, imenipandisha kutoka 1.45 hadi 1.50! Nikijaribu kugeuza saa moja ya kijivu kuwa kutembea kila siku, hata bila jimu, inafika karibu 1.54. Sisemi uache mazoezi. Misuli na moyo vina hesabu yake, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa 2020 linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila kwa kalori za siku nzima, zile saa nyingine ndizo zinazoamua.

Na rafiki yangu wa "la chini kabisa" naye asicheke. Kizidishi cha 1.2 kinamfaa mtu asiyetoka kitandani au kwenye kiti. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya Duniani (WHO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa (UNU) kuhusu mahitaji ya nishati inaweka maisha ya kukaa au shughuli nyepesi kati ya 1.40 na 1.69. Ningemsikiliza ningeshinda na njaa bure.

Bado nilitaka ushahidi kutoka mwilini. Kwa wiki nne niliandika kila kilichoingia mdomoni, hata cha kuonja jikoni, na nikajipima kila asubuhi kabla ya kula, nikilinganisha wastani wa wiki badala ya siku moja moja, maana maji na chumvi hupandisha uzito usiku mmoja na kukutia kichaa. Nilikula wastani wa 1,950, na uzito ukashuka kama gramu 400. Kilo ya mafuta ya mwili hukadiriwa kalori 7,700, kwa hiyo hizo ni 3,080. Gawa kwa siku 28, ni 110. Jumla natumia 2,060 hivi kwa siku. Gawa kwa 1,393: 1.48. Karatasi ilisema 1.50! Nilishangilia peke yangu kama mtu aliyefunga goli. Tena watu wengi huandika pungufu ya wanachokula, kwa hiyo huenda 1.50 ndiyo iko karibu zaidi na ukweli.

Programu haina chaguo la 1.50, basi naingiza lengo la kalori kwa mkono. Kile kitufe cha kuongeza kalori za mazoezi nimekizima, kwa sababu jimu tayari imo ndani ya 1.50 na ukiiongeza tena unaila mara mbili. Uzito ukibadilika kilo kadhaa narudia ile kanuni ya mwanzo. Karatasi nitaichora upya nikihamishiwa kitengo kingine, kwa sababu nasikia kule ghorofa ya tatu mashine ya kuchapa iko mbali sana na meza.