Kiswahili changu ndicho kilichoniuza Moshi

Nilijua nimepigwa bei asubuhi yake, mswaki ukiwa bado mdomoni. Mama mwenye nyumba anayopanga mdogo wangu, pale Rau, aliniuliza tu kwa wema jana usiku nilifikaje. Nikamwambia nilichukua teksi stendi.

"Ulitoa ngapi, baba?"

"Elfu kumi na tano."

Akaitua ndoo. "Kumi na tano? Ya kuja hapa hapa Rau?" Kisha akamwita jirani aje asikie. Jirani naye akaja na mwanawe. Nikasimama pale na povu mdomoni, watu watatu wakinitazama kama mgonjwa. Bajaji, wakaniambia, ni elfu tatu. Usiku sana, na begi, elfu nne. Teksi ukiongea vizuri unatoa tano au sita.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikuja kwa mahafali ya mdogo wangu wa kike, anayesoma Moshi, na nilikuwa na elfu kumi na nne za Kenya kwa siku nane, nauli ya kurudi ikiwa humo humo. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikapita Voi na Taveta, nikagonga pasipoti Holili, nikapanda Noah hadi Moshi. Ile Noah ilitubeba watu kumi na mmoja na debe la mafuta, lakini kwenye nauli sikuibiwa hata senti, kwa sababu nilimwona mama aliyenitangulia ametoa ngapi, nami nikatoa hizo hizo. Laiti ningelitia akilini jambo lile dogo.

Kilichonipa kiburi ni lugha. Nilijiambia wanaolanguliwa na wenye teksi ni Wazungu wa kupanda mlima, wale wenye mabegi makubwa kuliko wao, na pengine ndugu zetu wa Nairobi ambao Kiswahili chao kinachechemea. Mimi Mswahili wa Mombasa, nani atanijua? Basi nikashuka stendi, giza limeshaingia, nikamwendea dereva wa kwanza nikamwuliza kwa kujiamini, "Rau ni pesa ngapi?"

Akatabasamu. "Mkenya, eeh? Karibu sana kaka."

Huku hawasemi "pesa ngapi." Husema "shilingi ngapi" au "bei gani." Neno moja tu, na nilikuwa nimeshavaa bei shingoni. Baadaye mdogo wangu alinihesabia mengine: nasema "steji" badala ya stendi, nasema "nipe" pale wao wanaposema "naomba," na kwenye daladala nilipiga kelele "shukisha!" abiria wote wakageuka. Kiswahili changu hakikunificha. Kilinitangaza.

Dereva alianzia elfu ishirini. Nikapambana hadi kumi na tano nikajiona bingwa. Ubongo wangu ulikuwa unagawanya kwa ishirini, maana siku zile shilingi yetu moja ilikuwa kama ishirini za kwao. Kumi na tano ikawa mia saba na hamsini. Kwetu, teksi ya usiku kutoka mjini kwenda Bamburi kwa 750, nani atalalamika? Hapo ndipo nilipotoboka. Nilikuwa Moshi lakini nalipa kwa kichwa cha Mombasa.

Siku ile ile niliacha kugawanya. Nikatafuta kipimo cha huko huko. Kwa mama ntilie karibu na soko la Mbuyuni sahani ya wali maharage ilikuwa 2,000, na kifodi, ndivyo wanavyoziita daladala pande hizi, kwa safari fupi za mjini kilikuwa 600. Basi kila nilipotajiwa bei nilijiuliza ni sahani ngapi za wali. Teksi ile ya usiku ilikuwa sahani saba na nusu. Ukilitazama hivyo, tumbo lenyewe linakataa.

Pia nikaanza daftari. Ukurasa wa kushoto bei niliyotajiwa, wa kulia niliyolipa, na pembeni bei ambayo mwenyeji angelipa. Siku tatu za mwanzo pembeni pananiaibisha mpaka leo.

La pili nililojifunza ni kwamba swali la bei haliulizwi kwa muuzaji. Ukimwuliza dereva "ngapi?" umemwambia mambo mawili: kwamba unataka kwenda, na kwamba hujui. Aulizwe mtu asiye na chake hapo. Nami katika hili nilianguka tena. Siku nilipotaka kwenda KCMC kumwona mama wa rafiki aliyelazwa, nilimwuliza kijana muuza maji pale stendi bajaji mpaka hospitali watu hutoa kiasi gani. Hakunijibu. Akapaza sauti, "Oya! Mgeni wako huyu hapa!" na dereva akaja mbio. Walikuwa kijiwe kimoja, na muuza maji ana chake kwa kila kichwa anachopeleka. Tangu siku hiyo nikawa nauliza mbali: dukani ninaponunua vocha, kwa mama wa vitumbua mtaani, kwa mlinzi wa getini. Na swali nikalibadilisha. Sikuuliza tena "ni ngapi," nikauliza "kutoka hapa mpaka fulani mnatoaga ngapi?" Hiyo "mnatoaga" ilinifaa kuliko kubishana kote.

Nikishajua bei, siiombi kwa dereva. Naitaja mwenyewe, na nahakikisha nimeondoka kidogo kwenye kijiwe. Dereva aliyekaa foleni na wenzake hawezi kushusha bei mbele yao, atachekwa. Lakini tembea hatua mia mbili barabarani, simamisha bajaji inayopita tupu, mwambie "Rau, buku tatu," yaani elfu tatu, uone. Mara nyingi jibu ni kichwa tu kuinama upande: panda.

Kwa safari za mjini lakini, kifodi kilinitosha zaidi ya nilivyodhani. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, na kila abiria anaijua, kwa hiyo konda hata akikusikia u Mkenya hana la kuongeza. Nilikuwa napanda kifodi mpaka mwisho wa njia, ndipo nachukua bodaboda kwa kile kipande kilichobaki. Bei ya boda ya kilomita moja hata ikikuzwa mara mbili haiumi.

Kisa cha Arusha nitakieleza vizuri kwa sababu kinaudhi bado. Tulikwenda na mdogo wangu, kosta kutoka Moshi, kilomita kama 80, tukashuka stendi tukitaka kwenda Njiro kwa ndugu. Sasa nilikuwa mjuzi. Niliuliza mbali, nikajua, nikamtajia dereva wa teksi elfu nane, akakubali papo hapo. Nilipaswa kushtuka kwa upesi ule. Tulipofika akageuka kwa utulivu: "Kumi na sita, bosi. Nane nane."

"Nane kila mtu?"

"Kwani wewe uliuliza ya gari au ya mtu?"

Mabegi yetu yalikuwa kwenye buti lake, na hapo ndipo alipotukamata. Mdogo wangu akachemka, nami nikaanza kupandisha sauti kwa Kimombasa changu chote, na kila neno likizidi kumwonyesha kwamba hapa hatuna kwetu. Kilichotuokoa ni kwamba mdogo wangu alinyamaza ghafla, akashuka, akaenda kumwamkia mlinzi wa nyumba tuliyofikia. "Shikamoo baba." Akamweleza mambo taratibu. Mzee yule akaja na kirungu chake, hakukiinua, akasimama tu kando ya gari na kumwambia dereva, "Mwanangu, wafungulie buti kwanza. Hesabu mtaongea baadaye." Buti likafunguliwa. Mabegi yakiwa chini, bei nayo ikashuka. Tulilipa tisa, nane ya makubaliano na moja ya kumaliza maneno. Mdogo wangu mpaka leo anasema ile moja haikustahili. Anaweza kuwa sawa, lakini mimi nilitaka kunywa chai.

Kuanzia hapo makubaliano yangu yakawa marefu kama hati ya kiwanja: gari zima, sisi wawili, na mabegi mawili, mpaka getini si barabarani, shilingi za Tanzania. Nayasema kwa kucheka, lakini nayasema yote. Nikifika nashuka kwanza, nateremsha mzigo, ndipo natoa hela, na hela yenyewe iko kamili mfukoni. "Sina chenji, kaka" ni kodi nyingine kabisa. Ukimpa noti ya 10,000 kwa safari ya 3,000, akizunguka maduka mawili akarudi na mikono mitupu, wewe ndiye utakayesema haya basi. Kila asubuhi nilikuwa nanunua kitu kidogo dukani nipate sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000.

Arusha nilijaribu pia programu ya simu ya kuitia gari. Dereva alipiga simu kuuliza naenda wapi na kama naweza kuongeza kidogo, kisha akakatisha safari. Lakini nikagundua faida yake: unaweka unakotoka na unakokwenda, bei inatokea, huagizi kitu. Unaenda kwa dereva aliyesimama mbele yako ukiwa na namba kichwani. Ni kama kumwuliza mlinzi, ila hii haina salamu.

Siku mbili kabla ya mahafali kakangu mkubwa, anayefanya kazi Doha, alikuwa atue KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Uwanja uko katikati ya Arusha na Moshi, kisha unaacha barabara kuu na kuingia ndani kilomita kadhaa, kwa hiyo ukitoka nje na masanduku huna pa kutembea. Alinipigia kwamba ametajiwa dola hamsini. Hamsini zile zilikuwa zaidi ya laki moja na ishirini, na kwa kitabu changu hizo ni sahani sitini. Nikamwambia asubiri, anywe maji, nakuja.

Nilikwenda na kijana mmoja wa Majengo ambaye alishanibeba mara mbili. Gari si lake, ni deiwaka, analishika siku mwenyewe akipumzika. Tulikubaliana elfu sitini, kwenda na kurudi. Njiani nikamwaga hasira zangu zote kuhusu madereva wa uwanjani. Akanisikiliza mpaka Bomang'ombe, kisha akasema, "Kaka, yule amekaa foleni tangu asubuhi. Zamu yake inaweza kufika mara moja leo, isifike kesho. Akikupeleka Moshi anarudi mtupu. Na jioni tajiri anataka hesabu, hajali ulipata mtu au hukupata." Hesabu ndiyo ile fedha dereva anayompelekea mwenye gari kila siku, na mafuta ni juu ya dereva.

Sikuwa na jibu la haraka. Bado naona kwamba kama nalipia kurudi mtupu kwake, aniambie nalipia kurudi mtupu, nami nitapima. Kunitajia dola katika nchi yenye shilingi yake, hilo silikubali hata kwa hesabu ya nani. Ila kumtukana mtu niliacha. Na nilimwongeza yule kijana elfu tano bila kuombwa, kwa kuwa kakangu alimchelewesha saa nzima. Kakangu alitudharau wote wawili. Alisema kwa Doha angebonyeza simu tu.

Mahafali yakapita, tukala pilau na ndizi nyama kwa mama mwenye nyumba, na siku ya nane nikafunga begi. Ukitoa nauli ya kurudi nilibaki na mia sita za Kenya, na daftari lilinionyesha kwamba kuanzia siku ya nne pembeni na kulia zilikuwa zinakaribiana, siku mbili zikalingana kabisa.

Nilitoka barabarani kabla jua halijapanda. Mlima ulikuwa wazi, jambo ambalo wiki nzima haukunifanyia. Bajaji ikaja tupu, nikanyoosha mkono.

"Stendi, buku tatu, na begi hili."

Akainamisha kichwa. Panda. Tukaenda kimya kidogo, kisha akaniangalia kwenye kioo.

"Kaka, wewe kwenu Tanga?"

Nikamwambia kwetu ni pande hizo hizo za pwani.