Spika za masikioni: ziba kwanza, ndipo uongeze sauti

Sauti ya simu hupandishwa zaidi ndani ya daladala. Injini inanguruma, redio ya dereva iko juu, nawe unaongeza muziki ili uifunike kelele yote hiyo. Ukishuka kwenye mtaa tulivu ndipo unashtuka.

Dawa ni kuziba. Spika za kuchomeka sikioni mara nyingi huja na vipira vya saizi tatu. Jaribu vyote, kila sikio peke yake, maana matundu hayalingani. Kipira kikikaa vizuri, kelele za nje hupungua na besi hurudi bila kugusa kitufe; besi ikipotea, kimelegea. (Ukivuka barabara, zitoe. Bodaboda haisubiri.)

Halafu kuna hesabu ya muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hukatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Desibeli 3 sikio hulitambua kama badiliko dogo tu, kumbe nishati ya sauti imekuwa maradufu. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Simu nyingi zina kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiweke ukiwa chumba kimya, si safarini.

Masikio yakilia nziii baada ya muziki, yapumzishe. Vinyweleo vya ndani vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena.