Wiki tatu bila dada

Dada wangu wa kazi ameenda kwao Kasulu kumuuguza mama yake. Zamu za wodini hazikusubiri: wiki hii naingia usiku, wiki ijayo asubuhi.

Nikabisha hodi kwa bibi tunayepakana naye hapa Mwanga. Tumepatana shilingi 3,000 kwa siku. Alizikataa kabisa, nikamsihi: "Bibi, ukikesha na mwanangu, hiyo ni kazi." Akapokea.

Mdogo ana miezi saba. Nampeleka jioni keshaoga, na maziwa niliyokamua kwenye chupa mbili. Bibi hasomi saa, basi kila akimnywesha anachora mstari wa mkaa ukutani. Jana nilikuta mistari minne. Niliihesabu mara mbili, machozi yakanilenga.

Mkubwa yuko darasa la awali. Asubuhi nikishuka kwenye bajaji namkuta kavaa sare, viatu kavigeuza, uji umemganda mdomoni. Namrekebisha, tunatembea hadi getini, ndipo narudi kulala. Bodaboda ya kupakia watoto watatu mbele ya dereva sitaki, hata nichoke vipi. Kumchukua mchana ni zamu ya mdogo wangu.

Wiki ijayo nitamwomba muuguzi kiongozi muda wa kwenda kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaturuhusu hadi saa mbili kwa siku, na wengi wetu hatuziombi. Mimi nitaziomba Jumatatu.