Vitufe vya mwanga vimetii!

Jamani, leo laptopu imenitoa jasho.

Tangu niweke Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta), vitufe vya kupandisha na kushusha mwanga wa skrini vilikuwa pambo tu. Ukibonyeza, kile kialama cha jua kinatokea, mstari unapanda na kushuka vizuri kabisa, ila skrini haishtuki. Usiku macho yanawaka!

Nikachungulia /sys/class/backlight, mahali Linux inapoweka vidhibiti vya taa ya skrini. Kumbe ndani kuna folda mbili: acpi_video0 na intel_backlight. Vitufe vinaiamrisha ya kwanza, taa ya skrini inaisikiliza ya pili. Haya sasa!

Nikafungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayowasha Linux), nikaongeza acpi_backlight=native kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ili vitufe viiamrishe ile ya pili.
Kisha nikaandika amri sudo update-grub ili mabadiliko yashike, nikazima na kuwasha.

Nikabonyeza.
Skrini ikafifia taratiiibu… nikajikuta nacheka peke yangu.

Kimebaki kitufe cha kuzima maiki, hicho bado kina kiburi. Nani kakiweza?